‘Hatusomi’: Lawama Inayostahili Kuhakikiwa

Upo msemo unaopendwa sana katika vikao vya walimu: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Husemwa kwa kicheko, na wanaocheka zaidi ni Waafrika wenyewe, tena walimu, watu ambao ugali wao unatokana na vitabu. Muhula uliopita niliusikia tena katika kikao cha kupanga vitabu teule. Ilipendekezwa kwamba idadi ya riwaya na tamthilia zinazosomwa kikamilifu ipunguzwe, na badala yake wanafunzi wapewe madondoo na muhtasari, kwa kuwa “watoto wa siku hizi hawasomi”. Hoja iliahirishwa hadi kikao kijacho. Makala haya ni mchango wangu kabla ya kikao hicho. Sikusudii kuwatetea wavivu; wapo, na karatasi zao nimezisahihisha. Ninachotaka ni kuihakiki lawama yenyewe kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote: aliyeisema alikuwa akihesabu nini, na ni kipi alichokiacha nje ya hesabu yake.

Msemo wenyewe una kasoro ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona. Unachukulia kwamba kitabu kipo, kwamba kimewekwa mahali ambapo mtu anaweza kukifikia, na kwamba kimeandikwa kwa lugha anayoielewa, kisha yeye akakipita bila kukitazama. Je, ni mara ngapi masharti hayo matatu yametimia kwa pamoja katika Afrika ya Mashariki? Yamewahi kutimia, na pale yalipotimia watu walifanya mambo ambayo msemo huu hauwezi kuyaeleza.

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, chuo ni kitabu. Edward Steere alipokusanya msamiati wa Unguja katika karne ya 19 aliliorodhesha neno hilo kwa maana hiyo, na wingi wake vyuo. Chuoni ni mahali kilipo kitabu, na mwanachuoni ni mtu wa hapo. Kwa hiyo kijana anayesema kwamba yuko chuo kikuu anasema, bila kujua, kuwa yuko kwenye kitabu kikubwa. (Vyuo vingine vina bahati kwamba wanafunzi wao hawafundishwi etimolojia.) Na kitenzi kusoma hakikuwa kazi ya macho peke yake. Tunasema kusoma maulidi, kusoma hitima, kusoma dua. Katika hayo yote kuna sauti, na kuna watu waliokaa wakasikiliza. Hata kuhitimu, neno ambalo leo tunalivisha joho na kofia, asili yake ni kuimaliza Kurani kwa kuisoma yote mbele ya mwalimu.

Ukilifahamu hilo, historia ya kitabu cha Kiswahili inabadilika sura. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na mshairi Mwengo, umo miongoni mwa miswada ya kale zaidi ya lugha yetu iliyobaki. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Kazi hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono, na nakala moja ilitosha mtaa mzima kwa sababu mmoja alisoma na wengine wakahifadhi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki kiasi cha mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumpatia W. E. Taylor, na diwani yenyewe, iliyohaririwa na William Hichens, ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Kwa takriban miaka 100, basi, mshairi mkubwa kuliko wote wa mji ule hakuwa na kitabu dukani wala kwenye rafu. Mhesabu vitabu angeandika kwamba Mombasa haikuwa na wasomaji wake. Watu wa Mombasa walimjua kwa moyo.

Nisieleweke kwamba naipamba pwani ya kale. Elimu ya hati ilikuwa na wenyewe. Mtumwa hakuhesabiwa miongoni mwao, na mwanamke alihesabiwa kama alikuwa wa nyumba fulani. Si ajabu kwamba chapa za mwanzo za Kiswahili zilipata mikono yake kwa wale waliokuwa wametengwa. Misheni ya Steere huko Unguja iliwafundisha kazi ya uchapaji vijana waliotolewa utumwani, na mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa familia ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, alichapisha Uhuru wa Watumwa. Kitabu hicho kina kasoro zake, hasa jinsi kinavyowashukuru Waingereza kupita kiasi, lakini ni ushahidi kwamba kusoma kulikuwa kumeshavuka kizingiti cha nyumba za mawe.

Hata hivyo, mfano unaonishughulisha zaidi hauko pwani. Uko hapa hapa kwetu Uganda, na nashangaa kwamba hatuutaji katika vikao vyetu.

Kitabu kiliingia Buganda kwa njia ya misafara kutoka Unguja. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijifunza hati za Kiarabu na Kiswahili kwa wafanyabiashara Waislamu kabla hajamwona mmisionari yeyote. Alexander Mackay alipowasili Novemba 1878 akiwa na mashine ndogo ya kuchapia kwa mkono, aliwakuta watu wa ikulu ambao tayari walikuwa wamezoea wazo la karatasi inayosema. Na kwa kuwa hakukuwa bado na Injili kwa Kiganda, matini walizoanzia zilikuwa za Kiswahili, zile zilizotafsiriwa na Steere. Ndiyo kusema kwamba Kiswahili, ambacho wengi wetu tunaambiwa ni lugha ya kambi za jeshi iliyoletwa kwa bunduki, kiliingia ikulu ya Kabaka kama lugha ya kitabu. Alama zake bado zimo katika Kiganda: ekitabo, okusoma, essomero.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Watu waliofuata dini mpya, ya upande mmoja au mwingine, hawakupewa jina la mtume wala la kanisa. Waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kuongoka kulikuwa okusoma, na kwenda kusali kukaitwa hivyo hivyo. Vijana waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, wengi wao wakichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, walikuwa abasomi. Walikufa kwa ajili ya imani, si kwa ajili ya maktaba, na sitaki kuchanganya mambo hayo. Lakini jamii iliyowatazama ilipotafuta neno la kuwatofautisha na wengine, iliona kwamba kinachowatofautisha ni kusoma. Sijui jamii nyingine nyingi ambazo msomaji alikuwa mtu wa hatari kiasi hicho. Na hao ndio babu zetu sisi tunaocheka kwamba kitabu ni mahali pazuri pa kuficha kitu.

Baada ya vita vya dini kutulia kidogo katika miaka ya 1890, vitabu vilivyotoka pwani kwa mabega ya wapagazi vilinunuliwa kwa simbi, kauri zile zilizokuwa fedha ya nchi. Havikugawiwa bure, na bado vilikwisha. Biblia nzima ya Kiganda, kazi ya George Pilkington akisaidiana na Henry Wright Duta, ilikuwa tayari mwaka 1896. Chapa yake maarufu ilikuwa nyembamba kwa upana na nene kwa kina, umbo la kuchekesha kwa macho ya leo. Ilitengenezwa hivyo ili iingie ndani ya kopo la bati la biskuti, kwa maana mchwa na panya walikuwa maadui wakubwa wa karatasi. Watu waliliita toleo hilo kwa kopo lake.

Naomba msomaji atue kidogo kwenye kopo hilo, maana lina somo la uhakiki kuliko makongamano kadhaa niliyohudhuria. Mchapishaji alijiuliza kitabu kitalala wapi usiku. Alijua nyumba ya msomaji: sakafu ya udongo, mchwa, hakuna rafu wala kabati lenye vioo. Akakipa kitabu umbo la nyumba hiyo. Leo vitabu teule vinachapishwa kwa gundi inayoachia kurasa kabla ya muhula kwisha, kwa maandishi madogo ambayo taa ya koroboi haiwezi kuyafikia, kisha tunamlaumu msomaji kwa kutokitunza kitabu. Haikuwa kazi ya kidini pekee. Mwaka 1901 Apolo Kagwa, akiwa Katikiro, alichapisha kitabu chake cha historia ya wafalme wa Buganda kwa Kiganda. Kiongozi wa serikali anayeandika kitabu kwa lugha ya watu wake, na watu wake wakakibishia na kukijibu kwa maandishi, si kielelezo cha jamii isiyosoma.

Sasa tuje kwenye karne ya 20, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hayakuharibikia machoni mwa msomaji.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni za eneo hili zilianzisha shirika la vitabu lililojulikana kama East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, na Charles Richards akiwa mkurugenzi wake. Nia za wakoloni tunazijua: walitaka watu wasome, lakini wasisome kila kitu. Pamoja na hayo, shirika lilifanya mambo mawili ambayo hatujaweza kuyafanya tena kwa pamoja. Lilichapisha kwa lugha nyingi za Afrika ya Mashariki, na lilivipeleka vitabu kwa watu. Masanduku ya vitabu yalizungushwa vijijini, na yupo aliyeazima kitabu kwa njia ya posta na kukirudisha kwa njia hiyo hiyo. Kwa jina lake la uchapishaji la Eagle Press, ndilo lililomtoa Okot p'Bitek mwaka 1953 na riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar. Mashindano yake ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 ndiyo yaliyomtoa Muhammed Said Abdulla na Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake akaingia nyumba za watu ambao hawakuwa na mwalimu wa kuwatungia maswali. Mwaka 1971 likachapisha Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Nani angehangaika kukipiga marufuku kitabu katika nchi isiyosoma?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo nalo lilikwisha. Kenya ilirithi sehemu yake na kuunda shirika lake yenyewe. Sisi Uganda mwaka huo tulikuwa na misiba mingine. Lililokatika hapo ni zaidi ya ofisi. Ulikatika mshipa uliopeleka kitabu cha Kiswahili kutoka kwa mwandishi wa Unguja hadi kwa msomaji wa Lira au Kasese.

Kwa upande wa Kiswahili mshipa huo ulikuwa umebanwa mapema zaidi. Mwaka 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere, ikakaa hapo kwa muda wa miaka kumi hivi, chini ya wataalamu kama W. H. Whiteley. Kutoka Kampala ilitoa jarida na matini muhimu, mojawapo ikiwa ni maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaeleza mwenyewe, mwaka 1958 na 1959. Na mwaka huo huo wa 1952, Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa kufundishia katika shule za Uganda. Wataalamu walikikaribisha kilimani, na watoto wakanyimwa bondeni. Nikiwaeleza wanafunzi wangu mambo haya mawili kwa pamoja huwa wanadhani nimekosea tarehe.

Miaka kumi baadaye, Juni 1962, waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere katika kongamano linalotajwa hadi leo. Sharti la kualikwa lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika vitabu zaidi ya ishirini, hakuwa na nafasi katika mkutano huo. Alifariki mwezi huo huo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi, alikuja kuiandikia dosari hiyo kwa uchungu. Halafu mwaka 1965 Taban lo Liyong akalalamika kwamba Afrika ya Mashariki ni tasa kifasihi. Lawama yake imenukuliwa sana, na inabidi tukiri kwamba iliwachokoza watu wakaandika. Lakini ihakikiwe. Mwaka 1965 kulikuwa na Kusadikika, kulikuwa na Adili na Nduguze, kulikuwa na Bwana Msa, kulikuwa na Lak Tar, mbali na tenzi za karne mbili. Aliyeona utasa alikuwa amesimama kwenye rafu ya Kiingereza akiitazama nchi nzima kupitia nafasi iliyokuwa tupu mbele yake.

Nadai kwamba lawama yetu ya “hatusomi” ni mtoto wa lawama ile. Ina kosa lile lile la hesabu. Inamhesabu msomaji mmoja, aliyekaa peke yake, kimya, na kitabu alichokinunua, tena mara nyingi cha Kiingereza. Asiyepatikana katika hali hiyo hahesabiwi. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam niliona kila asubuhi watu wamesongamana mbele ya meza ya muuza magazeti, mikono nyuma, wakisoma kurasa za mbele na kubishana. Gazeti moja lililonunuliwa lilipita mikono mingi kabla ya kuwa kifungashio cha karanga. Takwimu za mauzo zingesema kwamba kuna msomaji mmoja.

Tukija kwenye maktaba, habari yenyewe ni ya sheria nyingi na milango michache. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Tanzania ilipata jengo lake kuu Dar es Salaam mwaka 1967. Kwetu mapinduzi ya 1971 na miaka iliyofuata viliacha rafu bila vitabu vipya. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tangazo likasikika redioni, lakini halikufuatwa na sanduku hata moja la vitabu wilayani. Mwaka 1997 maktaba za umma ziliachiwa serikali za wilaya, ambazo zilikuwa na barabara na zahanati za kufikiria kwanza, na sheria ya Maktaba ya Taifa ikaja mwaka 2003.

Wakati huo huo, karibu na Masaka, katika kijiji cha Kitengesa, maktaba ilianza mwaka 1999 kwa sanduku la vitabu katika shule ya sekondari. Jengo dogo likafuata mwaka 2002. Wanafunzi, walimu, wakulima na akina mama waliliingia, na maktaba nyingine za kijamii zikaanzishwa sehemu nyingine za nchi kwa mfano huo. Hakuna mtu aliyewabadilisha tabia wana Kitengesa kwanza, kisha akawaletea vitabu. Vitabu vilitangulia. Tukumbuke pia kwamba maktaba ya aina hiyo haina sharti la kimya cha makaburini. Mtoto anamsomea bibi yake, na mkutubi haoni kosa. Katika maktaba zetu rasmi maandishi makubwa kuliko yote ukutani ni “KIMYA”, jambo ambalo Mwengo wa Pate asingelielewa hata kidogo.

Narudi darasani. Wenzangu wanasema wanafunzi wanasoma mwongozo badala ya riwaya. Ni kweli. Nimekutana na mwanafunzi aliyechambua wahusika wa riwaya kwa ufasaha, kisha nilipomuuliza mhusika mkuu anafanya nini katika ukurasa wa kwanza akanitazama kama niliyemuuliza jina la mama yangu. Lakini tuwe wakweli kuhusu nani aliyemfundisha hivyo. Maswali yetu ya mtihani ni yale yale: eleza dhamira, jadili wahusika, onyesha matumizi ya tamathali. Mwongozo una vichwa hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo. Mwanafunzi anayeuchagua hajakataa kusoma. Amesoma mtihani wetu kwa makini na kuuelewa kuliko tulivyouelewa sisi. Tena mwongozo unapatikana. Riwaya yenyewe mara nyingi inapatikana nakala mbili kwa darasa zima, na moja kati ya hizo iko nyumbani kwa mwalimu.

Kwa hiyo wanafanya nini wanaotaka kusoma kweli? Wanakwenda Wandegeya kutoa fotokopi. Sikubaliani na wizi wa haki za mwandishi, na mwandishi wa Kiswahili anaumia zaidi kwa kuwa soko lake ni dogo. Lakini kama mhakiki siwezi kuacha kuona kwamba kijana anayekusanya fedha na wenzake watano ili kunakili riwaya moja, kisha wakaisoma kwa zamu, ni ndugu wa wale walionakili Utendi wa Mwana Kupona. Huyo ndiye tunayemwita asiyesoma.

Kwa mihula miwili sasa nimekuwa nikijaribu jambo ambalo si jipya hata chembe. Kipindi kimoja cha wiki nakitoa kwa kusoma kwa sauti. Nasoma mimi kurasa chache, kisha kitabu kinazunguka. Mwanzoni walicheka wakidhani nimewarudisha shule ya msingi. Lafudhi ziligongana: huyu kutoka Mbale, yule kutoka Arua, mwingine mama yake ni wa Bukoba. Kufikia wiki ya tatu walianza kunikatiza kubishana na mhusika. Wiki ya tano mmoja aliomba kuondoka na kitabu kwa kuwa hakuweza kungoja Alhamisi. Sidai kwamba wote wamekuwa wasomaji. Wawili walikuwa wakilala wiki ya kwanza na walilala hadi ya mwisho, na kazi inayokula kipindi kizima kwa wiki ina gharama yake katika sarufi. Hata hivyo majibu yao ya mtihani yalikuwa na kitu ambacho mwongozo hauna: makosa yao wenyewe. Mmoja alimtetea mhusika ambaye miongozo yote inamlaani, na hoja yake ilinisumbua usiku kucha.

Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kikafundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watakaoifanya kazi hiyo ni hawa tunaotaka kuwapunguzia vitabu. Mwalimu aliyesoma madondoo atafundisha madondoo ya madondoo, na baada ya miaka kumi kutakuwa na kikao kingine, na mtu atasimama kusema kwamba watoto wa siku hizi hawasomi, na kicheko kitasikika.

Ndiyo maana nitaipinga hoja ile. Nina pendekezo mbadala, dogo, ambalo halihitaji bajeti mpya. Vitabu teule vibaki vizima. Swali moja la lazima katika kila mtihani litoke kwenye jambo ambalo mwongozo hauligusi, na kila mwaka libadilike. Kipindi kimoja cha wiki kiwe cha kusoma kwa sauti. Na vitabu vya idara vitoke kabatini viwekwe ndani ya sanduku linalobebeka, lizunguke darasa hadi darasa, na mwanafunzi mmoja awe na daftari la kuazimisha. Vitapotea vichache. Vilivyofungiwa vimeshapotea vyote.

Kwa sasa ufunguo wa kabati uko ofisini, na kabati hufunguliwa kwa barua. Barua nimeshaiandika. Nitaiwasilisha katika kikao kijacho pamoja na orodha ya riwaya nne za kuanzia kwenye sanduku. Mwalimu au mwanafunzi mwenye ya tano aniletee jina lake kabla ya Ijumaa.